AIBU SI GARI KUUKUU, AIBU NI KIPURI CHA BANDIA



Kuna maneno yanayosemwa siku hizi na mabwana wa suti na tai, nasi hatuwezi kuyaacha yapite bila ya kuyajibu. Wanasema magari yetu ni makuukuu. Wanasema yanatia aibu barabarani, kwamba mwananchi mwenye gari la miaka 20 ndiye aletaye ajali na moshi, na kwamba dawa yake ni moja tu: alitupe, akanunue jipya. Twauliza, akanunue kwa fedha za nani? Mwalimu, muuguzi, mkulima wa korosho na mwenye duka la rejareja wamejinyima miaka mingi hata wakapata IST moja au Probox moja. Leo waambiwe kuwa jasho lao ni takataka?

La, hasha! Sisi twasema kinyume chake. Gari kuukuu si aibu. Aibu ni kulitia gari hilo vipuri vya bandia. Na aibu iliyo kubwa zaidi ni mwenye gari kusimama kando, mikono nyuma kama mgeni, asijue kilichotolewa wala kilichotiwa. Hapo ndipo tunaponyonywa, na hapo ndipo wengine wetu wanapouawa.

HALIKUZEEKA, LIMEZEESHWA

Tuanze na mambo yalivyo. Magari mengi tunayoendesha Tanzania, Kenya na Uganda yametoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika huko. Yanatufaa kwa sababu Wajapani nao hupita upande wa kushoto wa barabara kama sisi, na usukani wao uko kulia. Kila nchi imeweka sheria yake juu ya umri. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8. Uganda ilipitisha sheria mwaka 2018 kuzuia magari yaliyozidi miaka 15. Tanzania haikuweka mpaka wa namna hiyo, bali hutoza ushuru wa ziada kwa uchakavu. Vyema, sisi hatugombani na sheria hizo. Lakini tazameni jambo moja: zote huhesabu miaka ya gari siku linapoingia. Baada ya hapo gari huishi nasi miaka 10, miaka 15, hata 20. Katika miaka yote hiyo, ni nani anayepima unene wa breki zake?

Gari hilo likishuka bandarini huwa zima. Watu husema, "Mjapani hodari." Uhodari anao, hatukatai. Lakini ipo siri nyingine isiyosemwa. Sheria ya Japani humlazimisha mwenye gari jipya kulipeleka kukaguliwa litimizapo miaka 3, na baada ya hapo kila miaka 2. Asiyefanya hivyo haruhusiwi kuliendesha. Basi gari lililotumika huko miaka 10 limekwisha kupita mbele ya mkaguzi mara nne. Breki zimetazamwa, taa zimetazamwa, moshi umepimwa.

Chuma ni kile kile. Injini ni ile ile. Ikiwa gari hilo lageuka mkweche baada ya miaka miwili mikononi mwetu, tusisingizie umri. Halikuzeeka, limezeeshwa. Na waliolizeesha wanajulikana.

MWIZI ALIYEVAA BOKSI LA MWENZAKE

Wa kwanza ni mfanyabiashara wa vipuri vya bandia. Hatuwasemi wenye maduka wote. Kariakoo na Gerezani hapa Dar es Salaam, barabara ya Kirinyaga huko Nairobi, soko la Kisekka huko Kampala, kote wamo watu waaminifu wanaolisha watoto wao kwa haki. Tunamsema yule ajuaye kuwa anauza uongo.

Chukueni filta ya oili. Ya kweli ina karatasi maalumu yenye mikunjo mingi inayoshika uchafu. Ina valvu ya kuzuia oili isikimbie kurudi chini injini inapozimwa, na valvu nyingine ya kuipisha oili ikiwa karatasi imeziba, ili injini isikae na kiu. Ya bandia kwa nje ni pacha wake: rangi ile ile, maandishi yale yale. Ipasue kwa msumeno uone. Karatasi haba, gundi imemwagika ovyo, na valvu haipo au ni kipande cha mpira mkavu. Injini haitakufa siku hiyo. Itakufa kidogo kidogo, kila asubuhi inapowashwa bila ya oili kufika juu upesi. Siku itakapokufa kabisa, mwenye gari ataambiwa, "Bwana, gari lako limechoka." Mwizi amekwisha kula, na lawama inabebwa na gari.

Hiyo ni hasara ya mali. Pedi za breki ni hasara ya roho. Pedi ya kweli hugandishwa kwenye bati lake kwa joto na mgandamizo, na imeundwa ili iendelee kushika hata inapopata moto. Ya bandia hushika vizuri tu mtaani, kutoka nyumbani hadi sokoni. Lakini dereva atoke nayo Iringa ateremke Kitonga, au apite nayo mteremko wa Salgaa huko Kenya, familia ikiwa ndani na mizigo nyuma. Hapo pedi huchemka, huteleza kama sabuni, na nyingine hubanduka kwenye bati. Maiti wakizikwa, gazeti litaandika "gari lilikatika breki." Halikukatika breki. Liliuziwa breki ambazo hazikuwapo.

Twauliza tena: mtu anayeuza kitu hicho akijua, tumwite mfanyabiashara?

Sheria si ngeni. Tanganyika ilitunga Sheria ya Alama za Bidhaa mwaka 1963, uhuru wetu ukiwa bado mchanga kabisa. Wazee wetu walikwisha kuona kwamba anayeiba jina la bidhaa huiba imani ya watu. Leo Tume ya Ushindani ina mamlaka ya kukamata na kuteketeza bidhaa za namna hiyo. Kenya ilitunga sheria yake ya kupambana na bidhaa bandia mwaka 2008. Sheria zipo. Lakini twaonya: mara nyingi rungu humwangukia kijana mwenye kibanda, na yule aliyeleta kontena zima akawa amekaa zake kivulini. Ukikata matawi na kuuacha mzizi, mti utachipua tena. Twadai rungu lifike kwenye mzizi.

KASUMBA YA MIKONO SAFI

Adui wa pili hakai dukani. Anakaa ndani yetu.

Ni ile kasumba ya kuona kwamba mtu aliyesoma hashiki spana. Baba akiwa na cheti ukutani, kufungua boneti mbele ya majirani ni fedheha kwake. Humwita fundi aje atazame, fundi husema jina la kitu, baba hutoa fedha na kurudi kusoma gazeti. Kilichonunuliwa hakukiona. Boksi hakuliona. Kilichotolewa hakukidai. Baadaye hulalamika kwamba mafundi ni wezi. Mwenye mali akilala, nani atamwamsha mlinzi?

Hatumtukani fundi. Fundi ni ndugu yetu, na wengi wao ni hodari wa kweli waliojifunza kwa jua na mvua. Mara nyingi fundi mwenyewe amedanganywa dukani, akafunga kitu cha bandia kwa mkono safi. Lakini tusifichane, yupo pia fundi anayepanga na muuzaji ili apate cha juu, na kadiri kipuri kinavyokuwa kibovu ndivyo cha juu kinavyonenepa. Dawa ya fundi huyo si matusi wala polisi. Dawa yake ni mwenye gari anayejua. Na fundi mwaminifu atafurahi, kwa sababu mteja anayejua ndiye anayeweza kuona tofauti kati yake na yule mwingine.

Kuna jambo jingine la kuhuzunisha. Fungueni kijisanduku kilicho mbele ya kiti cha abiria. Ndani ya magari mengi kimo kitabu cha gari, na kitabu hicho kimeandikwa Kijapani. Oili kiasi gani, upepo wa matairi kiasi gani, kila kitu kinabadilishwa lini: yote yameandikwa humo, na mwenye gari hawezi kusoma hata mstari mmoja. Tunaendesha miaka 15 juu ya maarifa tuliyoyalipia na hatuwezi kuyafungua. Lugha yetu inazungumzwa kutoka pwani hadi Kongo, Baraza la Kiswahili la Taifa tunalo tangu 1967, na vyuo vya ufundi vya VETA tunavyo. Kwa nini hakuna kijitabu cha Kiswahili cha kila gari linalojaa katika barabara zetu? Huo si mzigo wa Mjapani. Ni wetu.

TUJIFUNZE, KWANI SI UCHAWI

Sasa tuseme mambo ya mikono. Tuchukue IST, kwani kila mtaa unayo. Zile za kwanza zilitengenezwa kuanzia mwaka 2002. Yenye namba ya chasisi inayoanza na NCP60 ina injini ya lita 1.3, na yenye NCP61 ina injini ya lita 1.5.

Oili. Ile ya lita 1.5 hunywa kiasi cha lita 3.7 pamoja na filta. Nati ya kumwagia oili chini ya injini hufunguka kwa spana namba 14. Ukifunga, kaza kwa kiasi, usishindane nayo. Oili chafu usiimwage mtaroni. Ipeleke gereji wanakoikusanya, maana maji hayo ya mtaroni ndiyo wanayochezea watoto wako.

Filta ya hewa. Hukaa ndani ya sanduku lenye vibanio, hufunguliwa kwa vidole. Mtoto wa darasa la saba aweza. Katika barabara zetu za vumbi itazameni kila mwezi.

Plagi. Ziko nne. Juu ya kila moja kuna koili iliyofungwa kwa nati ya namba 10, na plagi yenyewe hutoka kwa soketi ya namba 16. Injini ikiwa ya moto, subirini ipoe.

Oili ya breki. Hii hunywa maji kutoka hewani hata kama kifuniko kimefungwa. Ile ya DOT 3 ikiwa mpya haichemki kabla ya nyuzi 205. Ikikwisha kunywa maji, huweza kuchemka kwenye nyuzi 140. Ikichemka huwa mvuke, mvuke hubonyea, na mguu wako hufika sakafuni gari likiwa linakwenda. Kwa hiyo ibadilishwe kila miaka 2, hata kama rangi yake inapendeza.

Matairi. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Zikiwa 2319, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Muuzaji akikuapia kuwa ni jipya, mwonyeshe tarakimu.

Na tuwe wakweli juu ya mipaka. Usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Weka stendi, na zuia magurudumu kwa mawe. Mifuko ya hewa ya usukani usiiguse. Gari la umeme na petroli lina nyaya nene za rangi ya chungwa. Hizo ni za umeme mkali, mwachie aliyesomea. Na kama hujawahi kufungua breki, mara ya kwanza fungua fundi akiwa kando yako. Kujitegemea si kujiua.

NENO "ORIJINO" LIMECHAKAA

Dukani kila kitu ni "orijino." Neno hilo limesuguliwa hata halina maana tena. Basi tulitenganishe.

Kipuri halisi ni cha namna mbili. Kuna kilichomo ndani ya boksi la kampuni ya gari. Na kuna kilichomo ndani ya boksi la kiwanda kinachoitengenezea kampuni hiyo vipuri. Denso, kwa mfano, ilitoka tumboni mwa Toyota mwaka 1949, na hadi leo huitengenezea vitu vingi. Aisin vivyo hivyo. Ukinunua plagi au kipuri kingine cha viwanda hivyo kwa jina lao wenyewe, hukupunjwa, na aghalabu utalipa kidogo zaidi.

Kuna namna ya tatu: kipuri cha kiwanda kingine chenye jina lake mwenyewe. Hicho kinaweza kuwa kizuri au hafifu, lakini si bandia. Ni mtu aliyevaa nguo yake, hata kama ina viraka. Bandia ni yule aliyevaa kanzu ya mwenzake ili aingie harusini.

Namna ya nne ni kilichotumika, kilichotolewa kwenye gari jingine. Mlango, taa, kioo, bampa, hata gia boksi iliyopimwa, chukueni bila ya haya. Lakini pedi, shuu za breki, mipira, mabomba ya breki na belti, msinunue vilivyotumika hata vikiwa vya bure. Vitu hivyo huzeeka vikiwa vimekaa.

Na silaha ya mnunuzi ni namba. Kipuri cha Toyota huwa na namba ya tarakimu na herufi kumi, tano, kistari, tano. Tano za kwanza husema ni kitu gani: 90915 ni filta ya oili, 17801 ni filta ya hewa, 04465 ni pedi za breki za mbele, 04495 ni shuu za breki za nyuma. Tano za mwisho husema ni ya gari lipi. Nenda dukani na namba ya chasisi, rudi na namba ya kipuri iliyoandikwa kwenye risiti. Muuzaji anayekataa kuandika namba kwenye risiti amekwisha kujishtaki mwenyewe.

HATA MATAJIRI WAMEKATAA

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya watu maskini. Si kweli. Mwaka 2012 wananchi wa jimbo la Massachusetts, Marekani, walipiga kura kuzitaka kampuni za magari zisiwanyime wenye magari na mafundi wa mitaani habari na vifaa vya kutengenezea. Hao ni watu wa nchi yenye magari mapya tele, nao walikataa kugeuzwa wageni ndani ya magari yao wenyewe. Itakuwaje sisi, ambao gari moja hulea ukoo mzima, tukubali?

Na tusifikiri kwamba spana ni mwisho wa safari. Huko Kibaha, Nyumbu walijenga lori katika miaka ya 1980. Kenya ilionyesha gari lake, Nyayo Pioneer, mwaka 1990. Arusha tulikuwa na kiwanda cha matairi. Mengi ya hayo yalififia kabla ya kuzaa, na sababu zake ni nyingi. Lakini moja twaijua: kiwanda cha vipuri hakiwezi kusimama katika soko ambalo uongo huuzwa nusu bei mlango wa pili. Kila anayenunua bandia kwa kujua ananunua na jeneza la kiwanda ambacho mtoto wake angeajiriwa.

TUNAYOYATAKA

Basi twasema haya, na tunataka yasikike.

Kwanza, kila tawi linunue sanduku moja la zana kwa mchango wa wanachama: spana, soketi, jeki, stendi mbili na beseni la oili. Jumamosi moja kila mwezi wenye magari wakutane, fundi mmoja mwaminifu alipwe, awafundishe. Kina mama wawemo, maana nao wanaendesha na nao wanaibiwa.

Pili, vijitabu vya matunzo ya gari viandikwe kwa Kiswahili, vianzie magari yaliyo mengi.

Tatu, risiti ya kipuri isiyo na namba ya kipuri isikubaliwe na mwanachama yeyote.

Nne, boksi tupu lipasuliwe. Mabaradhuli hununua maboksi halisi yaliyotupwa, wakatia humo uchafu wao. Usiwape kanzu.

Tano, kipuri kilichotolewa kirudi mkononi mwa mwenye gari, akione, akijue.

Sita, Serikali imkamate mwenye kontena kabla ya mwenye kibanda.

Ndugu zetu, mtu anayejua gari lake linataka nini, anayejua namba ya kipuri, na anayeweza kukifunga au kusimama akaona kinafungwa, huyo haibiwi kwa urahisi. Haidhuru gari lake lina miaka mingapi. Atapita nalo Kitonga akiteremka taratibu, breki zikishika, na watoto wake watafika. Wale wa suti na tai wakimcheka kwa rangi iliyopauka, na wacheke.

Amkeni, fungueni boneti. Shime, mikono ichafuke!